Karatasi Kwanza, Kozi Baadaye

Matokeo ya KCSE kwa kawaida hutangazwa Januari, na hapo ndipo nyumba nyingi za Garissa, Wajir na Mandera huketi kuulizana mtoto asomee nini na wapi. Swali halina kosa ila limechelewa. Kufikia siku hiyo mengi yameshaamuliwa: masomo uliyobaki nayo kidato cha tatu, jina lako lilivyoandikwa kwenye usajili wa KNEC, na kama una kitambulisho au huna. Kwa hiyo haya yanakuhusu wewe uliye kidato cha nne sasa, pamoja na mzazi, abti (mjomba) au adeer (baba mdogo au mkubwa) atakayetia sahihi na kulipa. Nyinyi ni wa mwisho mwisho katika mfumo huu. KCSE inafungwa 2027, na wadogo zenu wa Gredi ya 10 wana utaratibu wao.

Anza na jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, usajili wa mtihani unasema Mohammed, na kitambulisho kimemwacha babu kabisa au kimemtanguliza mbele ya baba. Pale mtaani sote tunajua ni mtu mmoja, lakini kwa kompyuta hao ni watu watatu. Usajili wa KCSE ukiwa bado wazi, mwombe mwalimu anayehusika akuonyeshe karatasi yenye majina, uisome herufi kwa herufi ukiwa umeshika cheti chako cha kuzaliwa mkononi. Wakati huo kurekebisha ni kazi ndogo. Kosa likionekana cheti kikiwa kimeshachapishwa, utaanza habari za hati ya kiapo, ada na safari za Nairobi. Na kama ulizaliwa nyumbani na hukuwahi kupata cheti cha kuzaliwa, hiyo ndiyo kazi ya likizo yako ijayo.

Kisha kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa mikoa ya mpakani alipitia kamati ya uhakiki ambayo kijana wa Nyeri au Kakamega hakuijua. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kuondoa uhakiki huo wa ziada. Mlango umelegezwa, lakini hakuna anayepewa kitambulisho mikono mitupu: bado unahitaji cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na chifu anayekufahamu. Ukifikisha miaka 18 ukiwa bado shuleni, tumia likizo ya Aprili au Agosti. Usingoje mtihani uishe. Wapo pia Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingizwa kwenye daftari la wakimbizi Dadaab wakati wa njaa, familia zilipokuwa zikitafuta chakula, na mpaka leo jina lao hukwama. Kama uko katika kundi hilo, shirika la Haki na Sheria mjini Garissa limekuwa likishughulikia kesi za aina hiyo kwa miaka; waone mapema.

Kwa nini kusisitiza kitambulisho hivi? Kwa sababu fomu ya mkopo wa HELB inataka namba yake, inataka laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na inataka vitambulisho vya wazazi na wadhamini. Laini ya kaka yako haifai. Kijana anaweza kuwa na B na barua ya chuo mkononi, akakaa muhula mzima bila senti kwa kukosa kadi hiyo tu.

Sasa alama. Shahada inaanzia wastani wa C+, diploma C-, cheti cha ufundi D, na chini ya hapo zipo kozi za ufundi wa awali. Tangu KCSE ya 2023 wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Kanuni hii imewasaidia wengi wa kwetu waliokuwa wakivutwa chini na fizikia au kemia isiyo na mwalimu. Si siri kwamba baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Januari 2020, tume ya walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na kuna madarasa ambayo hayajapona.

Lakini wastani haukuingizi kwenye kozi peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne yanayotazamwa, na kutokana nayo pamoja na jumla yako KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, hutoa pointi ambazo kilele chake ni 48. Watu wawili wenye C+ wanaweza kuachana mbali sana. Chukua mfano wa ualimu wa sekondari, kozi ambayo wengi wetu huichagua. TSC inataka C+ ya wastani na C+ au zaidi katika masomo mawili utakayofundisha. Mwenye A ya IRE (dini ya Kiislamu) na B- ya Kiswahili yuko salama akichagua hayo mawili. Mwenzake mwenye A hiyohiyo ya IRE lakini akang'ang'ania historia aliyopata C, kwa kuwa rafiki zake wote wanasoma historia, anaweza kumaliza miaka minne na kukataliwa usajili wa TSC. Kiarabu nacho kimesahaulika bila sababu. Aliyekifanya KCSE akafaulu ana kitu ambacho watahiniwa wengi wa nchi hii hawana.

Ile pointi ya mwisho ya mwaka jana inayoonyeshwa kwenye tovuti hutafsiriwa vibaya. Hiyo ni pointi ya mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka huo. Mwaka huu inaweza kupanda au kushuka kulingana na walioomba. Kwa hiyo pangilia chaguo zako: moja ya kujaribu bahati, mbili zinazolingana nawe, na moja ambayo hata mambo yakienda mrama utaipata na utaipenda. Usijaze nafasi zote kwa udaktari.

Na kuhusu udaktari wenyewe, niseme ninaloona. Kaunti zetu zinaishi kwa ngamia, mbuzi na ng'ombe, na soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki, ila ni nadra kumsikia mtahiniwa akitaja udaktari wa mifugo, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Egerton, au diploma ya afya ya mifugo ya vyuo vya AHITI kama Kabete na Ndomba. Kadhalika visima vyetu vingi sasa vinavutwa kwa sola. Pampu ikifa, fundi huagizwa kutoka mbali. Umeme na mabomba hufundishwa North Eastern National Polytechnic, hapa hapa mjini Garissa. Anayedhani polytechnic ni ya walioanguka aulize bei ya fundi huyo.

Vyuo vya karibu vinastahili kuangaliwa kwa macho makavu. Chuo Kikuu cha Garissa kilianza 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, mahali palipokuwa chuo cha walimu, na kikapewa hati yake 2017. Shambulio la Aprili 2, 2015 liliua watu 148, na wazazi wengi bado wanalitaja. Kilifunguliwa tena Januari 2016 na kinaendelea. KMTC ina kampasi Garissa na Mandera, na maombi yake yamekuwa yakipitia KUCCPS pia. Kusoma nyumbani huokoa kodi na nauli, na kwa msichana ambaye familia inasita kumpeleka mbali, kunaweza kuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma. Hata hivyo, kama kozi unayoitaka haipo hapa, usiibadilishe kwa ajili ya kilomita. Tafuta jamaa Eastleigh, Thika au Eldoret, na mzazi amjue anayekupokea.

Dirisha la KUCCPS likifunguliwa, fanya mwenyewe. Unaingia kwa namba yako ya mtihani na mwaka. Nenosiri la mwanzo huwa namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Badilisha nenosiri papo hapo. Wale vijana wa saiba wanasaidia, sikatai, ila mara nyingi hujaza chochote kinachokubalika ili foleni isonge, na barua pepe ya maombi inakuwa ya kwao. Nenda na kozi zako zimeshaandikwa kwenye daftari, pamoja na namba ya kila kozi. Ukipewa usichotaka, kuna kipindi cha kuomba uhamisho kati ya vyuo. Nacho kina tarehe yake.

Pesa. Tangu 2023 serikali huwapanga wanafunzi kwa kipato cha familia, na kila mmoja hupata ufadhili usiorudishwa na mkopo kwa viwango tofauti. Mfumo huo umepingwa mahakamani, basi soma tangazo la mwaka wako. Waliopangiwa vyuo vikuu vya binafsi huomba mkopo tu, bila ule ufadhili. Mkopo wa HELB una riba ya 4% kwa mwaka, na najua nyumba ambazo fomu hutupwa hapo hapo kwa sababu hiyo. Zungumza na shehe unayemwamini kuhusu mkopo, lakini usiache kuomba ufadhili kwa sababu tu viko ukurasa mmoja. Basari za NG-CDF huombwa katika ofisi ya eneo bunge lako, iwe Balambala, Fafi, Lagdera au kwingineko, na ya kaunti huombwa kivyake. Omba zote mbili, na weka nakala ya kila fomu iliyopigwa muhuri.

Mzazi anayetegemea mifugo atazame kalenda. Vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba, katikati ya kiangazi cha hagaa, malisho yakiwa yamekauka na mnyama amekonda. Anayesubiri barua ya chuo ndipo auze, atauza wanne pale ambapo watatu wangetosha. Uza mwishoni mwa mvua za gu, mwezi wa Juni, pesa ziwekwe.

Kwa walio katika kambi za Dadaab, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, KUCCPS si yenu kwa kuwa ni ya raia, lakini KCSE yenu ina uzito uleule. DAFI ya UNHCR hulipia shahada hapa Kenya, na mpango wa WUSC, unaopitia Windle International Kenya, huwapeleka wanafunzi Canada. Ushindani wake ni mkali, na alama ya Kiingereza hutazamwa sana.

Anayewaza Kampala, Uturuki au Misri aulize kwanza swali moja: je, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu itaitambua shahada hiyo, na kama ni uuguzi, famasia au uhandisi, je, bodi ya taaluma hiyo Nairobi itakusajili? Pata jibu hilo kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Wengi waliokuwa Khartoum vita vilipozuka Aprili 2023 waliondoka bila rekodi zao za masomo; popote ulipo, tunza nakala za matokeo ya kila muhula kwenye barua pepe yako.

Na kama siku ya kuripoti imefika na karo haijakamilika, usikae nyumbani kimya ukitarajia kwenda mwaka ujao. Nafasi isiyochukuliwa hupotea. Mwandikie msajili wa chuo barua ya kuomba kuahirisha, taja sababu, omba jibu la maandishi, na ulihifadhi pamoja na barua yako ya kujiunga.