Mama N., usimdanganye mtoto hadi getini

*"Nina watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka 12. Amefaulu mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na mjomba wake anayeishi Johannesburg alikuwa amemwahidi: ukifaulu, likizo kubwa utakuja nikupeleke Gold Reef City upande rolakosta. Mdogo wake, mvulana, ana miaka 8. Tangu mjomba atume video kwenye simu yangu, mtoto huyu halali vizuri. Kila jioni anauliza kama ni kweli lile gari linatumbukia ndani ya shimo la mgodi. Kaka yangu anasema: 'Mlete tu, nitamfunga mkanda mimi mwenyewe, akishuka atacheka. Mwanaume anaogopaka nini?' Mume wangu anaona tumwache kwa nkambo wake, Likasi. Mimi nilikuwa nafikiri nimwambie tunakwenda kumsalimia mjomba tu, hayo mengine atayaona huko huko. Nishauri."*
— Mama N., Kamalondo, Lubumbashi

Mama N., barua yako nimeisoma taratibu, na sikuona mtu mbaya ndani yake. Kaka yako anataka kutimiza ahadi. Mume wako anataka mtoto asiteseke. Wewe unataka safari ipite bila machozi. Nyote mnampenda mtoto yule yule, na ndiyo maana nitasema nawe waziwazi, kama mama anavyosema na binti yake.

Sikiliza swali lake

Mtoto hajauliza kama treni inakwenda mbio. Hajauliza kama ni ndefu. Ameuliza habari ya shimo.

Huyo ni mtoto wa Lubumbashi, mwanangu. Anakulia katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, mji ambao bomba la moshi la kiwanda na kilima cheusi cha taka za madini huonekana kutoka mbali. Mvua zikianza, anawasikia watu wazima wakisema kwa sauti ya chini kwamba kuna wachimbaji wa mkono wamefukiwa na udongo mahali fulani. Anajua kwamba kuna watu huingia shimoni asubuhi na jioni hawarudi. Halafu mjomba anamwonyesha watu wanaoporomoka shimoni wakipiga mayowe, na anaambiwa hiyo ndiyo zawadi ya dada yake. Ameunganisha mambo mawili, na ameyaunganisha kwa akili. Msimwite mwoga.

Wala hakukosea. Gold Reef City ilifunguliwa mwaka 1987 kwenye ardhi ya mgodi wa zamani wa dhahabu, Crown Mines. Mchezo alioonyeshwa, bila shaka, ni Tower of Terror, ulioanza mwaka 2001. Gari hupandishwa hadi juu ya mnara, husimama kidogo ukingoni huku abiria wakitazama chini, kisha huachiwa. Huanguka wima karibu mita 50, na sehemu ya mwisho ya anguko hilo iko chini ya ardhi. Jirani yake ni Anaconda, ya mwaka 1999, ambayo treni yake inaning'inia chini ya reli, miguu ikiwa hewani, na mara nyingine kichwa kiko chini. Wapo wanaume wazima wanaoitazama Anaconda kwa dakika mbili, kisha wanakwenda kununua soda.

Basi mjibu ukweli leo hii, kabla hajalala: "Ndiyo, shimo lipo. Hakuna mtu anayechimba tena hapo. Gari limeshikwa kwenye reli, linaingia, linatoka upande wa pili, ni sekunde chache tu. Na wewe hutalipanda." Sentensi hiyo ya mwisho iseme polepole, na uirudie akikuomba.

Njia tatu mlizo nazo mezani

Kumwacha Likasi si ukatili. Atakula vizuri, atapendwa. Lakini dada yake atarudi na picha na hadithi za mwezi mzima, naye atajifunza kwamba hofu yake ndiyo iliyomtoa katika safari ya familia. Mtoto wa namna hiyo safari ijayo hatakwambia tena anachokiogopa. Atanyamaza ili asiachwe. Mwache Likasi ikiwa yeye mwenyewe, akishapewa maelezo yote, amechagua nkambo wake.

Njia yako, Mama N., ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Fikiri jinsi itakavyokuwa. Mkipita kwa basi, mtavuka Kasumbalesa, Chirundu na Beitbridge, mtoto ameegemea bega lako, na kila mpaka atauliza tunakwenda kufanya nini huko, nawe utarudia uongo ule ule. Siku ya kwenda, kabla hamjafika getini, atasikia mayowe yakitoka juu ya ukuta. Hapo ataelewa, na jambo atakaloelewa ni kwamba mama alijua. Kesho ukimwambia sindano haiumi sana, au daktari wa meno ni mtu mwema, atakuamini kwa msingi gani? Mtoto wa miaka 8 ana watu wachache sana anaowategemea wamwambie ukweli wa dunia. Usijitoe katika hesabu hiyo kwa sababu ya siku moja ya michezo.

Kaka yako naye atakwambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini samaki hukunjwa, havunjwi. Mnyororo ukishaanza kuivuta treni mlimani, hakuna wa kuisimamisha kwa sababu mtoto analia. Atakuwa amefungwa kifuani, hawezi kushuka, na aliyemfunga ni mjomba. Kuna watoto wanaoshuka wakicheka baada ya hapo, siwezi kukataa. Kaka yako amewaona hao. Wengine hushuka kimya, na kimya hicho watu hukiita ushujaa, mpaka usiku godoro linapolowa.

Tena uamuzi si wa mjomba peke yake. Kwenye kila mchezo mkubwa kuna kipimo cha urefu, na mtoto asiyefika haruhusiwi. Msimvalishe viatu vya kisigino kinene, wala msibishane na mfanyakazi wa getini. Chuma kile kinachoshika kifua kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mdogo anayejinyonganyonga kwa hofu anaweza kuumia ndani yake.

Jambo la afya, ambalo hukuliandika

Kwetu Kongo siwezi kulipita. Je, unajua damu ya watoto wako? Kama mmoja ni SS, yaani ana selimundu, mwone daktari kabla ya kukata tiketi. Likizo kubwa huangukia majira ya baridi ya Johannesburg, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,700 na zaidi, juu kuliko hata huku kwetu. Asubuhi za Julai huko huuma. Baridi, uchovu wa safari na kutokunywa maji vinatosha kumletea mtoto wa SS maumivu makali. Ugonjwa wa moyo na kifafa navyo vinamzuia mtu kupanda michezo hii, awe na hofu au asiwe nayo.

Jinsi ya kuipanga siku

Mkifika kwa basi, msiende kesho yake. Mtoto aliyechoka huogopa mara mbili. Laleni, ogeni, mle bukari ya moto kwa mjomba, na muulizie siku na saa ambazo bustani ya michezo inafunguliwa, pamoja na michezo gani inafanya kazi juma hilo, maana mashine hizi husimamishwa kwa matengenezo.

Asubuhi yenyewe asile akashiba sana, wala asiende na njaa. Tumbo tupu nalo huleta kichefuchefu.

Mkishaingia, msikimbilie mnara. Anzeni na vitu vinavyozunguka chini na polepole: farasi wa kuzunguka, magari madogo ya watoto. Mpe mtoto kazi yenye heshima: awe mwenye ramani. Yeye ndiye atakayesema mchezo wa kwanza ni upi na wa pili ni upi. Mtoto aliyekuwa akiburutwa akipewa uongozi wa njia, uso wake hubadilika, utaona mwenyewe.

Wekeni neno moja la kukataa, "basi", na wote waliheshimu. Akilisema kwenye foleni, mnatoka kwenye foleni, hata kama mmesimama nusu saa. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Wanasema, "Tumeshangoja sana, ingia tu." Kubali kuipoteza nusu saa hiyo. Ukilivunja neno hilo mara moja, mpango wote umekufa.

Akitaka kujaribu treni ndogo ya watoto, simameni kwanza pembeni yake. Aitazame ikipanda, ikishuka na kurudi, mara kadhaa, na awaangalie watu wanaoshuka: wanatembea, wanacheka, wanatafuta viatu vyao. Akiamua kupanda, keti naye wewe, si mjomba. Chagueni viti vya katikati. Mbele mtoto anaona mteremko wote kabla haujafika, na nyuma treni hurusha zaidi inapovuka kilele. Ashike chuma, afumbue macho na kutazama mbele, atoe pumzi wakati wa kushuka. Kufumba macho kunaweza kuongeza kizunguzungu. Mkishuka usimuulize, "Umeona? Ulikuwa unaogopa bure!" Hakuogopa bure. Muulize anataka nini sasa, na ukubali akisema maji.

Na asipopanda hata treni moja? Hapo pana mambo mengine ambayo pengine yatamfaa kuliko treni. Kuna ziara ya kuingia chini ya mgodi na kiongozi, na kuna mahali wanapoyeyusha dhahabu na kuimimina mbele ya watu, nyekundu ya moto, ikigeuka tofali. Sisemi mmshushe shimoni. Nasema mwambie lipo, mweleze kwamba watu hushuka pamoja na mwenye kujua njia, wanavaa kofia ngumu, wanaelezwa kila kitu, na wanapanda tena. Huenda akakataa. Huenda akataka, kwa sababu hofu yake ilikuwa ya shimo lisilo na maelezo. Dhahabu ataipenda tu. Mtoto wa mji wa shaba akiona madini yakiwa uji wa moto, atakuwa na hadithi yake ya kumpelekea nkambo, bila kukopa ya dada.

Usimsahau mwenye sherehe

Barua yako karibu yote ilikuwa juu ya mdogo. Binti yako ndiye aliyefaulu. Ahadi ni deni, na deni hilo halilipwi kwa kumfanya mlezi wa mdogo wake siku nzima. Gawaneni: baada ya chakula cha mchana, mjomba apande na binti Anaconda na chochote anachotaka, kama kipimo kinamruhusu, nawe ubaki na mdogo. Wapungieni mkono wakipita juu. Na binti aambiwe mapema, faraghani, kwamba kumcheka mdogo wake mbele ya watu ni kosa ambalo hutalivumilia.

Mjomba

Najua mjomba kwetu ana sauti, tena huyu ndiye atakayewalaza na kuwalisha. Usingoje kumwambia getini mbele ya watoto. Mpigie simu juma hili, mchana, akiwa ametulia. Mshukuru kwanza, kwa sababu anastahili. Kisha mwambie: "Kaka, mtoto anakuja, na nimempa neno langu kwamba hatapandishwa kitu asichokitaka. Neno langu likivunjwa nyumbani kwako, nitakuwa nimevunjika mimi." Mwombe akuahidi, na umpe simu mtoto aisikie ahadi hiyo kwa sikio lake, kutoka kinywani mwa mjomba mwenyewe. Kaka anayempenda dada yake atakubali.

Akiendelea kukataa, usigombane naye. Nendeni Gold Reef City siku atakayokuwa kazini, wewe na watoto wako wawili. Binti apande peke yake ile michezo inayoruhusiwa kwa urefu wake, na mjomba mtamkuta jioni.