'Oumuamua: mgeni aliyeondoka kabla ya kupewa jembe

Ilijulikanaje kwamba 'Oumuamua si jiwe la hapa kwetu, kwenye mfumo wa Jua?

Kwa mwendo wake. Kitu kilichozaliwa na Jua letu huzunguka kwa njia ya duaradufu, hata kama kitachukua maelfu ya miaka kurudi. 'Oumuamua, kilichoonekana Oktoba 19, 2017 kwa darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii, njia yake haikujifunga. Kingali mbali na Jua kilikuwa tayari kinakwenda kilomita 26 kwa sekunde. Tena kilikuwa kimeshalipita Jua tangu Septemba 9. Tulikiona kikiwa safarini kuondoka.

Ile picha ya umbo la sigara ni ya kweli?

Ni kazi ya mchoraji. Hakuna darubini iliyoona zaidi ya nukta. Mwanga wake ulipanda na kushuka karibu mara kumi, kila baada ya saa saba au nane, kwa hiyo ama ni kirefu ama ni bapa kama chapati. Mimi naegemea chapati. Wala hakikuzunguka kama pia iliyotulia; kilikwenda bingiribingiri.

Mbona wengine walidai ni chombo cha viumbe wa mbali?

Kwa sababu kilisukumwa. Mwaka 2018 Marco Micheli na wenzake walionyesha kwamba mvutano wa Jua na sayari peke yake hauelezi njia yake. Msukumo huo ulikuwa mdogo, chini ya sehemu moja ya elfu ya mvutano wa Jua. Nyotamkia husukumwa hivyo kila siku: barafu hugeuka gesi, gesi ikachomoka kama hewa ya puto lililoachiwa. Ila hapa hapakuonekana mkia wala vumbi, ndipo Avi Loeb wa Harvard akapendekeza tanga jembamba linalosukumwa na mwanga.

Wazo tamu, lakini sihitaji nahodha. Mwaka 2023 Jennifer Bergner na Darryl Seligman walieleza kwamba mionzi ya angani, katika safari ndefu, huzalisha haidrojeni ndani ya barafu ya maji. Barafu ikipata joto, haidrojeni hutoka kimyakimya, bila kubeba vumbi.

Na wageni waliofuata kutoka nje ya mfumo wa Jua?

Borisov wa 2019 na 3I/ATLAS wa 2025 walikuja na gesi zao waziwazi, nyotamkia wasio na ubishi. 'Oumuamua kimeshavuka njia ya Neptuni, na hakuna darubini inayokiona tena.