Kabla Hujahamisha Pensheni ya Kazi ya Zamani, Uliza Ada kwa Shilingi

Binamu yangu alinipigia simu jioni moja amekasirika. Alikuwa ameacha kazi kwenye shamba la maua Naivasha baada ya miaka 11, akapata nyingine Lanet, karibu na nyumbani. Pensheni yake, Sh800,000 hivi, ilikuwa bado imelala kwenye mpango wa mwajiri wa kwanza. Alipoomba kuihamisha aliambiwa atalipa Sh5,000 za kushughulikia faili. "Kaka, hawa watu wananila hata baada ya kuondoka," akaniambia. Mkononi alikuwa na fomu ya ajenti aliyekutana naye mjini Nakuru wakati wa chakula cha mchana. Ajenti huyo alimwahidi kwamba kwao kuhamia ni bure kabisa.

Nilimwomba anisomee maandishi madogo yaliyo nyuma ya fomu. Ada ya usimamizi: asilimia 2.5 ya salio lote, kila mwaka.

Tulipiga hesabu papo hapo. Tuseme pesa zinazaa asilimia 9 kwa mwaka kabla ya ada, na amebakiza miaka 20 kustaafu. Ada ikiwa asilimia 1, Sh800,000 zake zitafika karibu Sh3.73 milioni. Ada ikiwa 2.5, zitaishia karibu Sh2.82 milioni. Tofauti inapita Sh900,000, kubwa kuliko pesa alizoanza nazo! Huo ni mfano wa kupima tu, maana hakuna anayejua soko litazaa nini, lakini kila mwaka ada hukatwa, soko lipande lishuke. Zile Sh5,000 zilizompandisha hasira zilikuwa ada ndogo kuliko zote zilizokuwa mbele yake.

Kwa hiyo ukitaka kuhamisha pensheni, kila asilimia unayotajiwa igeuze kuwa shilingi, kisha uizidishe kwa miaka uliyobakiza. Mwulize anayekuuzia: "Kwa salio langu hili, mwaka wa kwanza mtanikata shilingi ngapi?" Akishindwa kujibu, mpe muda akaulize ofisini kwake. Akikwepa, usitie sahihi.

Inafaa pia kujua nani anayekula kwenye sahani hii. Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya 1997 iliunda mamlaka ya kusimamia sekta hii, RBA, na pensheni ya kazini ikagawiwa mikono kadhaa ili asiwepo mtu mmoja wa kuifanyia atakavyo. Kuna wadhamini wanaoamua kwa niaba ya wanachama, msimamizi anayeweka rekodi, meneja anayewekeza, benki inayotunza mali, na mkaguzi wa hesabu. RBA nayo hupokea ada yake. Ulinzi huo ni mzuri, nami nauunga mkono, lakini wote hao hulipwa, na mara nyingi hulipwa kutoka kwenye chungu kilekile. Baadhi ya waajiri hubeba gharama za uendeshaji wenyewe, na mfanyakazi hazihisi kamwe. Swali la kuuliza siku unapoacha kazi ni hili: mimi nisiyechangia tena, gharama hizo sasa zitanihusu? Kuna watu walioacha pesa zao mahali pa zamani wakidhani zimepumzika, kumbe kila mwaka zinamegwa kidogo bila mchango mpya wa kuziba pengo.

Halafu kuna ada zisizoitwa ada. Ukiwa kwenye mpango wa dhamana ulio chini ya kampuni ya bima, huenda usione makato yoyote kwenye taarifa yako. Unaona riba iliyotangazwa tu. Kampuni imekwisha kutoa gharama zake kabla ya kutangaza. Hapo usihangaike kutafuta ada. Omba riba zilizotangazwa kwa miaka mitano mfululizo, uzilinganishe na za mpango unaotaka kuhamia. Na uulize jambo moja zaidi ambalo ajenti hatalianzisha yeye: nikihama katikati ya mwaka, mtanipa riba gani? Baadhi ya mipango humpa anayetoka mapema riba ya muda, na hiyo inaweza kuwa chini ya ile watakayopewa waliosubiri mwisho wa mwaka. Mtu anayehama Novemba anaweza kupoteza zaidi kwa haraka hiyo kuliko kwa ada yoyote iliyoandikwa. Ikiwa hakuna kinachokusukuma, subiri riba itangazwe.

Ada ya kuingia nayo iangalie vizuri. Asilimia 3 inasikika kama chumvi, lakini kwa binamu yangu ingekuwa Sh24,000, na zingekatwa kabla pesa hazijafanya kazi hata siku moja. Mara nyingi humo ndimo inamotoka kamisheni ya ajenti. Sisemi ajenti wasilipwe. Nasema ujue unawalipa, na kiasi gani.

Sasa kuhusu wazo linalomjia kila mtu: "Si nichukue tu pesa taslimu?" Naelewa. Karo ipo, ploti ya Bahati inauzwa, na miaka 20 ni mbali. Lakini kuchukua mapema ndiyo ada kubwa kupita zote. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mafao hayatozwi ushuru ukiwa umefika umri wa kustaafu, ukiwa umeacha kazi kwa ugonjwa, au ukiwa umetimiza miaka 20 ya uanachama. Nje ya hapo, KRA, mamlaka ya ushuru, hukata ushuru kwa kinachozidi kiwango kilichosamehewa. Tena huwezi kuchukua zote, kwani sehemu ya fungu la mwajiri hubaki imefungwa hadi ustaafu. Pesa zikihama kutoka mpango uliosajiliwa hadi mwingine uliosajiliwa, ushuru hauguswi. Ndiyo maana malipo yanapaswa kwenda moja kwa moja kati ya mipango miwili. Mtu akikushauri zipitie kwanza kwenye akaunti yako ya benki au M-Pesa ndipo "uziwekeze upya", ondoka.

Ile miaka 20 ya uanachama ina maana nyingine kwako: siku moja utahitaji kuthibitisha ulijiunga lini. Omba tarehe yako ya kwanza ya kujiunga iandikwe kwenye hati ya uhamisho, na nakala yake uihifadhi pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Karani wa miaka ijayo hatakuwa na kumbukumbu yako.

Angalia pia kama unahama kutoka akiba ya aina moja kwenda aina nyingine. Kuna mipango inayokupa fedha zako zote kwa mkupuo siku ya kustaafu, na kuna ile inayokupa hadi theluthi moja, kinachobaki ukilipwa kidogo kidogo kama pensheni. Usije ukagundua tofauti hiyo ukiwa umekwisha kustaafu.

Kabla ya kutia sahihi popote, pata taarifa kamili ya mwanachama, uisome mwezi kwa mwezi ukiwa na hati zako za mshahara kando. Binamu yangu alikuta miezi mitatu ambayo alikatwa mshahara lakini mchango haukuonekana kwenye taarifa. Dai la namna hiyo ni rahisi kulifuatilia ukiwa bado kwenye daftari lao kuliko baada ya kuondoka. Angalia pia michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Tangu Februari 2023 baadhi ya waajiri hupeleka fungu la pili la michango hiyo kwenye mpango wa binafsi, na fungu hilo lina masharti yake. Huenda kwa mwajiri mmoja ukawa na mafungu mawili, nawe unajua moja.

Na kama mwajiri mwenyewe hayupo tena? Nakuru tunajua milango ya viwanda kufungwa. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014, na hakikuwa cha kwanza wala cha mwisho. Mali ya mpango wa pensheni huwekwa chini ya wadhamini, mbali na mali ya kampuni, kwa hiyo kufungwa kwa kampuni pekee hakufuti haki yako. Anza kwa RBA, uliza ni nani anayeusimamia mpango huo sasa. Pesa zilizokaa muda mrefu bila mwenyewe kujitokeza zinaweza kuwa zimepelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa iliyotokana na sheria ya 2011. Huko kudai ni haki yako, na huhitaji dalali.

Barua ya kuomba haya yote haihitaji wakili. Binamu yangu aliandika hivi, nami nilimsaidia kidogo tu:

"Kwa Wadhamini. Niliacha kazi tarehe iliyotajwa hapo juu. Naomba mnijulishe kwa maandishi: salio langu, fungu langu na la mwajiri yakiwa yametengwa; kila ada nitakayokatwa nikihama, kwa shilingi; ada ninayokatwa kila mwaka nikibaki; riba nitakayopewa kwa mwaka huu; na siku ambayo salio litahesabiwa. Pia naomba maelezo kuhusu michango ya miezi mitatu isiyoonekana."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Usiporidhika na uamuzi wa wadhamini au msimamizi, sheria inakuruhusu kumwandikia afisa mkuu wa RBA aupitie upya, na juu yake kuna jopo la rufaa. Si lazima uabiri matatu hadi Nairobi, barua inatosha kuanza.

Binamu yangu alilipa zile Sh5,000. Fomu ya ajenti hakuirudisha. Alihamia mpango wa mwajiri wake mpya wa Lanet, ambao haumtozi ada ya kuingia na ambao ada zake za mwaka ziko chini ya asilimia 1. Ile miezi mitatu ilichukua barua mbili zaidi kabla ya kulipwa. Taarifa ya kwanza ilipofika alinitumia picha yake kwa simu, mstari wa ada ukiwa umezungushiwa kalamu nyekundu, na kando yake ameandika kiasi kwa shilingi.