Jani la Artemisia na Wajibu wa Kutafuta Dawa

Ndugu Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Basi dawa yataka itafutwe.

Tuzingatie jani la artemisia. Katika karne ya 4 tabibu wa Kichina, Ge Hong, aliandika kuwa mwenye homa aliroweshe majini, alikamue, anywe maji yake. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou aliyapima maneno hayo, akafahamu kuwa moto huenda ukaiharibu nguvu ya jani. Akaitoa dawa kwa joto dogo. Mwaka 2015 alitunukiwa Nobel. Kenya nayo, mwaka 2004, ilichagua vidonge vya asili hiyo kuwa dawa ya kwanza ya malaria.

Nairobi malaria ni chache, na kwa hiyo miili ya watoto wetu haikuizoea. Mtoto wa Pumwani au Majengo akirudi kutoka Pwani na homa, tusimvishe hirizi wala tusimnyweshe kombe, tukapoteza siku. Wala tusimchemshie majani: kipimo chake hakijulikani, na dawa pungufu huviacha vijidudu vikapata ukaidi. Apimwe damu upesi. Ikithibiti ni malaria, amalize vidonge vyote kwa siku tatu, hata akipata nafuu.

Kumtegemea Mungu si kuacha sababu. Jani ni lake, na akili iliyolichunguza ni yake. Mwenye kuitupa akili ameikufuru neema.

Wa billahi ttawfiq.