SOMO: NYUMBA YA MATOFALI MABICHI NA MVUA

Ndugu wakazi wa kambi, adui wa nyumba ya udongo ni maji. Ukuta uliolowa kwenye kitako unaweza kuanguka usiku, watoto wakiwa wamelala.

Msidharau udongo. Msikiti mkubwa wa Djenné, nchini Mali, ulijengwa mwaka 1907 kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, na bado umesimama. Sababu ni kwamba watu wa mji huo huukandika upya kila mwaka.

KUPIMA UDONGO. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Chukua wa chini, ulowanishe, ufinyange uwe kijiti chenye unene wa kidole gumba. Kisukume polepole nje ya ukingo wa meza. Kikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Kikipita sentimita 15, mfinyanzi umezidi na matofali yatapasuka. Ongeza mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa.

KUFYATUA. Kanyaga tope vizuri, lilale usiku mmoja, kisha fyatua kwa kalibu. Anika kivulini, geuza baada ya siku chache, usijenge kabla ya majuma 3 hivi. Usiyachome. Tanuri hula kuni nyingi, na anayezifuata mbali porini ni mama au binti yako.

KUJENGA.
1. Msingi wa mawe upande sentimita 30 juu ya ardhi, maana matone ya mvua huruka na kula ukuta chini.
2. Tofali la juu likalie maungio ya matofali mawili ya chini.
3. Upenu utokeze sentimita 50 au zaidi.
4. Chimba mtaro kuzunguka nyumba. Maji yafuate mteremko, yasiingie kwa jirani.

SHIMO LA UDONGO. Likijaa maji, mtoto anaweza kuzama humo, na mbu huzaliana. Lifukie kabla ya mvua kuanza.

KUKAGUA. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwaka kabla ya mvua, ziba nyufa na kandika upya. Ukiona ukuta umeinama, au umemong'onyoka chini, watu wasilale humo. Wapeleke watoto kwa jirani, halafu mweleze kiongozi wa kijiji chako siku hiyohiyo.

TUJADILI NYUMBANI: Maji ya paa letu huishia wapi? Shimo lililo karibu nasi ni la nani, na litafukiwa lini?