Besi ya bei nafuu au ya bei ghali? Shika shingo kwanza

Umeweka akiba na sasa unataka besi. Ukiingia duka la vyombo vya muziki katikati ya Nairobi utaonyeshwa mbili zenye umbo lile lile, rangi ile ile, nyuzi nne kila moja. Bei ya moja ni mara kadhaa ya nyingine. Muuzaji atakuambia ile ghali "ndiyo ina sauti". Usimbishie. Omba zote mbili, omba kiti, na usiwe na haraka.

Kabla ya kushika chochote, jua ngazi ilivyopangwa. Chukua mfano wa Fender, kwa kuwa ndiyo inayoigwa zaidi. Precision Bass ilitoka 1951, Jazz Bass ikafuata 1960, na michoro hiyo miwili ndiyo inayouzwa hadi leo kwa bei za kila aina. Chini kabisa kuna Squier Sonic, halafu Squier Affinity, halafu Squier Classic Vibe. Juu ya hizo zinakuja Fender Player za Mexico, na juu yake American Professional zinazotengenezwa Corona, California. Kwa Jazz na Precision za kawaida, urefu wa uzi kutoka nati ya kichwani hadi daraja la mwilini ni inchi 34 kwenye ngazi zote. Kwa hiyo vidole vyako vitasafiri umbali ule ule, uwe umelipa kidogo au umelipa sana.

Pesa ya ziada huenda wapi? Shingoni, kwenye freti, kwenye vyuma, na kwenye nyaya za ndani. Huenda pia kwenye uhakika: ukichukua American tano kutoka rafu moja, zitafanana. Ukichukua Sonic tano, moja itakuwa tamu ajabu na nyingine itakukera. Ndiyo maana besi ya bei nafuu hainunuliwi kwa picha ya simu. Nunua ile ile uliyoishika.

Anza bila umeme. Pitisha kiganja taratibu pembeni mwa shingo, kutoka juu hadi karibu na mwili, upande wa chini kisha upande wa juu. Ukihisi ncha za freti zikikwaruza, hapo kazi ilifanywa haraka, au mbao imekauka na kunywea huku chuma kikibaki vile vile. Ukinunua Januari au Februari, hewa ya Nairobi ikiwa kavu, utazikuta nyingi. Fundi huzipiga tupa zikaisha. Si sababu ya kuacha besi nzuri, lakini ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke.

Sasa kagua shingo ilivyopinda. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Tazama katikati, karibu na freti ya 7 au 8. Panapaswa kuwa na mwanya mdogo sana: Fender wenyewe hutaja takriban milimita 0.35. Kadi ya biashara ikipita kwa shida kidogo, uko sawa. Uzi ukilala juu ya freti zote, au mwanya ukiwa mkubwa wa kupitisha sarafu, trasirodi inahitaji kuzungushwa.

Mwambie muuzaji aizungushe mbele yako, robo mzunguko tu. Hapa usione haya. Trasirodi ndiyo chuma kilicho ndani ya shingo kinachopambana na mvuto wa nyuzi, na isipofanya kazi, besi hiyo ni pambo la ukutani. Besi ya bei nafuu yenye trasirodi laini inayoitikia ni bora kuliko jina kubwa ambalo trasirodi yake imefika mwisho.

Kisha lalisha jicho lako kwenye kichwa cha besi, uangalie shingo kuelekea mwilini, kama fundi seremala anavyokagua mbao. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, shingo imejisokota. Rudisha besi ukutani. Hiyo haina dawa ya bei ndogo.

Piga kila freti kwenye kila uzi. Ndiyo, zote. Sikiliza mlio unaogongagonga na mlio unaokufa ghafla. Angalia hasa uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7: kwenye besi za umbo la Fender, noti za hapo hufa mapema, na zile ghali za Marekani hazikwepi ugonjwa huo. Muuzaji akikuambia yake haina kabisa, tabasamu, endelea kupiga.

Mambo mengine yasikutishe. Nyuzi zikiwa juu sana, hilo ni la bisibisi. Kwenye freti ya 17, Fender hupendekeza takriban milimita 2.4 chini ya uzi wa E na 2.0 chini ya uzi wa G. Besi nyingi za bei nafuu hutoka kwenye boksi zikiwa juu zaidi ya hapo, na hilo ndilo linalowafanya watu waseme "ni ngumu". Noti za freti ya 12 zikiwa hazilingani na uzi ukiwa wazi, hiyo pia ni bisibisi, kwenye daraja. Vitufe vya sauti vikikwaruza, ni vumbi. Usimlipe mtu pesa za Mexico kwa kuogopa kazi ya saa moja ya fundi.

Kwenye vyuma ndipo utakapoiona tofauti kwa macho. Tyuni besi kwa programu ya simu. Vuta kila uzi kwa nguvu ya kawaida mara chache, kisha piga tena. Ikishuka, irekebishe, vuta tena. Besi nzuri hutulia baada ya raundi mbili. Ikiendelea kuteleza, zungusha vifunguo vya kichwani polepole uone kama vinalegea kabla ya kushika. Kwenye ibada ya saa tatu hutaki kutyuni kila baada ya wimbo.

Vaa mkanda usimame, uachie shingo. Ikizama kuelekea sakafuni, mkono wako wa kushoto utakuwa ukibeba mzigo siku nzima. Na uzito uupime kwa bega, si kwa hisia ya sekunde tano. Besi nyingi huwa kati ya kilo 3.5 na 4.5. Kilo hiyo moja unaijua ukiwa umesimama ndani ya matatu ya 46 kurudi Kawangware saa mbili usiku, begi mgongoni, kila abiria akiligonga.

Sasa washa ampu. Ampu moja, kebo moja, vitufe vyote vya toni katikati. Sawazisha sauti ya besi zote mbili kabla ya kuhukumu, kwa sababu ile yenye kelele zaidi hushinda kila mara hata kama si bora. Angalia pia nyuzi. Besi yenye nyuzi mpya hung'aa; yenye nyuzi zilizoguswa na kila mteja tangu mwaka jana hufifia. Unaweza ukadhani unasikia mbao za bei ghali, kumbe unasikia nyuzi za wiki iliyopita.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote: nenda na rafiki anayepiga, geuka uangalie ukuta, apige mstari mmoja kwenye besi zote mbili bila kukuambia ipi ni ipi. Apige kitu unachokijua hadi ndani. "Sina Makosa" ya Les Wanyika inafaa kabisa, na ukiwa mpiga besi Nairobi utaombwa kuipiga tu. Besi ya Tom Malanga pale inaimba, haipigi ngoma ya nyuma. Sikiliza kama noti zinatoka sawasawa kutoka uzi mnene hadi mwembamba, au moja inaruka na nyingine inazama. Halafu apige benga, noti fupifupi zilizokatwa. Pikapu dhaifu, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, hupaka matope hapo. Ukishindwa kutofautisha mara tatu mfululizo, umeshapata jibu la mfuko wako.

Kwenye Jazz Bass, fungua pikapu moja peke yake na utasikia mvumo. Ni kawaida, hata ya bei ghali huvuma. Fungua zote mbili sawasawa na mvumo upungue. Usipopungua, chunguza. Ukigusa nyuzi na kelele zikapungua, waya wa athi (earth) wa besi unafanya kazi. Jaribu soketi nyingine kabla ya kuilaumu besi.

Kama ina betri ya volti 9 ndani, uliza. Besi hizi za aktivu zilipata umaarufu kupitia StingRay ya Music Man ya 1976, na sasa zipo hadi za bei ya kati, kama Sterling na Sire za Indonesia. Tafuta ile yenye swichi ya kurudi pasivu, ili betri ikifa katikati ya shoo uendelee kupiga. Na uchomoe kebo ukimaliza: ikibaki ndani, betri inaliwa usiku kucha.

Nyuzi tano ni hadithi nyingine. Kama unapigia kwaya inayopandisha ufunguo kila ubeti, utaitamani B ya chini. Hapa ndipo ningekuambia uongeze pesa bila kusitasita. B iliyo wazi ni takriban hertzi 31, na besi za bei ya chini kabisa huitoa ikiwa legevu, bila umbo. Usiijaribu kwenye ampu ndogo ya mazoezi, haitakuonyesha kitu. Omba spika kubwa. Piga B wazi, kisha freti ya 3 na ya 5 ya uzi huo. Usiposikia noti bali mtikisiko tu, baki na nyuzi nne nzuri.

Basi uchukue ipi? Ikiwa unaanza, au unapiga kanisani Kangemi ambako besi huenda moja kwa moja kwenye mixer, chukua ya ngazi ya pili au ya tatu, ile iliyopita majaribio ya shingo. Kwangu Classic Vibe na Yamaha TRBX ndizo zinazoheshimu shilingi yako zaidi. Ikiwa unalipwa kila wikendi Westlands, au una kazi za studio, panda hadi Player au wenzake. Ya American inunue ukiwa tayari una ampu nzuri. American kwenye spika mbovu itasikika kama spika mbovu.

Usimalize bajeti kwenye besi. Tenga ya seti ya nyuzi, ya fundi, ya kebo isiyo ya mzaha, na ya begi nene lenye kuzuia mvua ya Aprili. Kebo na plagi utazipata Luthuli Avenue, lakini zifungue kichwa uone solda kabla ya kulipa. Ukiishi kwenye bedsitter, vifaa vya kupigia kwa headphone vitakusaidia kuliko ampu itakayokugombanisha na jirani.

Ukinunua ya mitumba, kutana na muuzaji mchana, mahali penye umeme na ampu. Usitume deposit ya M-Pesa kwa besi ambayo hujaishika. Tazama freti za 1 hadi 5: zikiwa na mifereji mirefu chini ya nyuzi, hesabu gharama ya kuzisawazisha. Akisema ni Fender halisi ya bei ya kutupa, soma namba ya kichwani. Za Marekani za miaka ya karibuni huanza na US, za Mexico na MX. Namba yaweza kughushiwa, kwa hiyo linganisha pia maandishi ya nembo na picha za kampuni yenyewe, na ushuku shingo iliyofungwa kwa skrubu za aina mbalimbali.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza mzigo, halafu fikiria kwamba hukuishika. Mara nyingi ile ya dukani, hata ikionekana ghali, inakaribiana nayo.

Wakati wa kupatana, muuzaji akigoma kushusha bei, omba aweke nyuzi mpya na besi ifanyiwe kazi na fundi wake palepale: shingo, urefu wa nyuzi, daraja. Wengi hukubali hilo haraka kuliko punguzo. Rudia jaribio la freti zote baada ya fundi kumaliza. Kisha hakikisha namba ya besi imeandikwa kwenye risiti, na uipige picha kabla hujatoka mlangoni.