Malisho ya Nchi Yetu na Namna ya Kuyatunza

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba, mtu asimamaye juu ya mawe ya Busisi na kuipa ziwa mgongo huona jambo lile lile. Nchi imekuwa tupu, vumbi lapanda nyuma ya makundi, na mbavu za ng'ombe zahesabika kwa mbali. Watu husema, "Ni jua hili." Walakini mara nyingine, kando ya njia hiyo hiyo, twapita penye kiwanja cha mzee mmoja ambamo majani yamesimama hata magotini. Jua lake ni lile letu, na mvua yake ni ile ile. Basi tofauti yatoka wapi? Neno hilo ndilo nitakalo tujifunze leo, maana wengi wetu tu wafugaji, na hata mwalimu wa kanisa huamka alfajiri kufungua zizi kabla ya kupiga kengele.

Kwanza tujue ya kuwa nchi ya malisho si ya namna moja. Ulimwenguni ziko nyika za majani matupu pasipo mti, kama zile za Mongolia. Yako majangwa ambamo ngamia hula vichaka. Iko milima ya baridi. Na ziko nchi zenye majani na miti pamoja, kama zilivyo nyingi za Afrika ya Mashariki. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Katika kijiji kimoja cha Usukuma ziko namna kadhaa, na wazee walizipa majina kabla ya wataalamu kuja kuzipima.

Juu kabisa ni mawe na vichaka, mahali pa mbuzi. Chini yake ni udongo wa mchanga, uitwao luseni, tulimao mihogo na viazi; majani yake huota upesi kwa mvua ya kwanza, nayo hukauka upesi. Tukiteremka zaidi twafika itogolo. Huo ni udongo ambao chini yake ni mgumu kama sakafu, na maji hayapenyi. Majani yake ni mafupi, na ng'ombe huyapenda. Hapo ndipo pa kuogopa kuliko pote, kwa sababu kwato zikipita kila siku juu ya itogolo isiyo na majani, mvua huteleza juu yake, huchukua udongo wa juu, na kuacha mahali peupe ambapo mbegu haishiki. Nimepaona mahali pa namna hiyo nilipochunga nikiwa mtoto. Hata leo ni peupe. Bondeni ni mbuga, udongo mweusi mzito, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Majani yake ni marefu nayo hukawia kukauka.

Mwisho ni ufuko wa ziwa, penye matete, mafunjo na ukoka. Kwa kuwa ni kijani kiangazi chote, makundi yote hukimbilia huko. Lakini penye maji yatuamayo hukaa konokono wachukuao minyoo ya ini, na ng'ombe alaye majani ya hapo huikonda afya yake huku tumbo limejaa. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Sasa tutazame jani lenyewe. Jani hulisha mzizi, na mzizi huweka akiba. Ng'ombe akilila jani mara moja, mzizi hutoa akiba yake na kuchipusha jingine. Akirudi kesho kutwa na kulila lile chipukizi, akiba hupungua. Akirudi tena na tena, mzizi hufa kwa njaa. Ndivyo majani ya kudumu yanavyotoweka, na mahali pake huja majani ya msimu, ambayo hufa mvua ikatikapo. Basi kosa si ng'ombe kula, bali ni kurudi kabla ya jani kupona.

Wazee walijua hayo, na dawa yao ni ngitili. Mtu, au ukoo, au kijiji, hutenga sehemu ya malisho; masika yote mifugo haiingii, na kiangazi kikiwa kikali hufunguliwa.

Jirani zetu wa Shinyanga wametuonyesha jinsi dawa hiyo iwezavyo kupotea na kupatikana tena. Katika miaka ya 1920 watu wengi walikusanywa huko chini ya Swynnerton kufyeka misitu ili kufukuza mbung'o. Mbung'o walipungua, na miti pia. Tangu mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilikuwa na mpango mkubwa wa Usukuma, na ndani yake watu walilazimishwa kupunguza ng'ombe, wakauchukia. Mwaka 1974 watu walihamishiwa vijijini, na wengi wakaziacha ngitili zao nyuma. Miaka kumi baadaye Mwalimu Nyerere aliizuru nchi hiyo akasikitika kwa kuiona inageuka jangwa. Ndipo mwaka 1986 ilipoanza kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kazi ilipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Kuni, nyuki na dawa za miti shamba zilirudi pamoja na majani.

Mimi naona sababu ni hii: hawakuletewa desturi ngeni. Amri za kuzilinda ziliwekwa katika dagashida, baraza lao wenyewe, na mvunjaji alitozwa faini na watu wanaomjua.

Lakini hesabu nayo haikwepeki. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kwa siku majani makavu kadiri ya sehemu moja ya arobaini ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Ng'ombe 10 kwa siku 100 za kiangazi watakula kilo 6,250. Tuseme hekta moja ya ngitili imetoa kilo 2,000. Nusu iachwe ifunike udongo na kulinda mizizi. Zimebaki kilo 1,000. Basi mtu huyo ahitaji hekta 6 na robo. Mwenye ng'ombe 80 na afanye hesabu yake mwenyewe, asinikasirikie mimi. Wako ndugu zetu waliokwisha kuifanya kwa miguu, wakaswaga makundi mpaka Rukwa, Usangu, Kilombero na hata Lindi, na huko magomvi na wakulima yamewafuata, kama wachungaji wa Abramu na wa Lutu.

Tena iko hatari nyingine. Tajiri aweza kuzungushia bonde lote na kuliita ngitili, na mjane mwenye ng'ombe wawili asipate pa kulisha. Kwa hiyo ni heri mipaka ipangwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na iandikwe. Sheria ya malisho ya mwaka 2010 nayo yahusu kutengwa kwa maeneo hayo.

Kwa mwenye kuanza mwaka huu: usichague itogolo iliyokwisha kuwa nyeupe, chagua ukingo wa mbuga. Funga kabla ya mvua za Novemba, na majani yasichomwe moto. Baada ya mavuno kundi lile kwanza mabua ya mahindi na mtama. Ngitili igawanywe sehemu mbili au tatu. Ya kwanza ifunguliwe Agosti kwa ng'ombe wenye ndama na kwa maksai, ili wawe na nguvu za kuvuta jembe. Mvua ya kwanza inyeshapo, watoe wote, uwapeleke luseni ambako majani ya msimu huota upesi, na ngitili ifungwe siku ile ile.